Kubebwa Si Kukaribishwa

Haya ndiyo niliyoyasema Bagamoyo mbele ya wenye hoteli na gesti, mafundi, waongoza watalii na madereva wa bajaji. Waliokosa kufika waliomba niwaandikie yote, nami nimeyaandika kama yalivyotoka.

Wazee wangu, shikamooni. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Vijana wa bajaji mliosimama kule mlangoni, hamjambo? Sogeeni mbele, viti vipo, na maneno mengine yanawahusu ninyi.

Mimi ni mtu wa Tanga, Ngamiani. Nauza kanga na vitenge kwa jumla, na biashara hiyo haimwachi mtu akae nyumbani. Leo niko Muheza, kesho Korogwe, wiki ijayo Dar es Salaam, na hapa Bagamoyo nina wateja wa siku nyingi. Natumia kiti mwendo tangu utotoni. Nawaambia mapema ili tuelewane: sikuja kuomba. Naongea kama mteja mwenye pesa yake mkononi, anayetafuta mahali pa kulala, pa kuoga na pa kunywa chai ya asubuhi kabla hajaenda kazini. Je, hilo ni jambo kubwa?

Nina neno moja tu leo, na nitalirudia mpaka mliote usiku. Kubebwa si kukaribishwa.

Mji huu unajua kubeba. Nani asiyejua? Karne ya 19 misafara ilitoka Ujiji ikapita Tabora na pembe za ndovu mabegani mwa watu, ikaja kutua hapa hapa pwani. Wengine walibeba kwa ujira, wengine walibeba kwa minyororo. Februari 1874 akina Chuma na Susi na wenzao walifika hapa na mwili wa bwana wao, mmisionari David Livingstone, walioutoa bara kwa miguu, ukalazwa pale misheni kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Hiyo ni kazi ya watu waaminifu, na historia imewaandika.

Lakini mzigo hauulizwi unataka kwenda wapi. Mzigo hauulizwi unataka kutoka saa ngapi. Mgeni anaulizwa.

Nilifika gesti moja, si lazima niitaje wala mji wake. Mlangoni ngazi nne. Nikashuka kwenye bajaji, na kabla sijafungua mdomo vijana watatu wakanizunguka. "Mama usihofu, sisi tupo." Vijana wazuri, wana adabu, nyuso zinacheka. Mmoja akashika mgongo wa kiti, wa pili akashika pale pa kukanyagia, wa tatu akashika gurudumu. Mnajua gurudumu likishikwa linafanya nini? Linazunguka. Kiti kikainama kushoto, ncha ya kanga yangu ikanasa kwenye spoki, na yule aliyekuwa nyuma, kwa kuogopa nisidondoke, akanikumbatia kwapani mbele ya watu wote waliokuwa mapokezi. Mimi ni mwanamke, tena ni mke wa mtu. Akina mama mliomo humu, mnanielewa bila kuongezewa neno.

Wakanifikisha juu. Wakafurahi, nikawashukuru, na walistahili shukrani kwa sababu walitumia nguvu zao. Jioni nikataka kutoka nikale samaki. Vijana wamekwisha zamu. Yupo binti wa mapokezi peke yake, mwembamba, anakunja mikono kwa aibu: "Mama, ngoja kesho." Nikala mkate na maji chumbani. Alfajiri nilitaka kuwahi basi la saa kumi na mbili. Vijana walikuja saa mbili. Basi likaenda, na mteja aliyekuwa ananisubiri akanunua mzigo kwa mwingine.

Nani alikosea pale? Vijana wale? Hapana. Binti yule? Hapana. Zilikuwa ngazi nne. Ngazi nne zilinigeuza kutoka mgeni nikawa mzigo, na mzigo hukaa pale ulipotuliwa mpaka mbebaji arudi.

Sasa kuna watu wanadhani tukisema tunataka kujitegemea, maana yake hatutaki mkono wa mtu. Sivyo. Nataka niwape kisa cha bwana mmoja wa Marekani, Ed Roberts. Polio ilimpata mwaka 1953 akiwa na miaka 14, ikampooza kuanzia shingo. Usiku alikuwa analala ndani ya mashine kubwa ya chuma ya kumsaidia kupumua. Mwaka 1962 akaanza masomo katika Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, na kwa kuwa bwenini mashine ile haikuwa na pa kukaa, wakampa chumba kwenye hospitali ya chuo. Kabla ya hapo, idara ya serikali iliyotakiwa kumgharamia masomo ilikuwa imemwandika kuwa hataweza kufanya kazi. Mwaka 1972 yeye na wenzake wenye ulemavu wakafungua pale Berkeley kituo chao cha kuishi kwa kujitegemea, wakikiendesha wenyewe. Na mwaka 1975 gavana wa California akamteua kuwa mkurugenzi wa idara ile ile iliyomkataa.

Tangu polio impate, mtu huyu hakuweza kujivalisha shati mwenyewe. Alivalishwa, alilishwa, alisukumwa. Lakini saa ya kuamka aliamua yeye. Nguo alichagua yeye. Msaidizi wake alimwajiri yeye. Huko ndiko kujitegemea. Sisi Watanzania hili lisitushangaze. Nchi nzima ilitangaza kujitegemea katika Azimio la Arusha mwaka 1967, na bado iliuza katani yake nje ikanunua matrekta. Kujitegemea ni kuamua. Nikitaka unisukume nitakwambia, "Mwanangu, nisukume." Nikinyamaza, niache.

Ninyi vijana wa bajaji, hapa ndipo mlipo. Bajaji ndiyo gari langu, iko chini, naingia mwenyewe kwa mikono. Basi ukiniona nakuja usinishike. Zima injini, ushike kiti changu kisirudi nyuma, na nikishaingia ukikunje ukiweke pembeni yangu, si juu ya matope. Na nauli iwe ile ile ya watu wote. Nimemaliza na ninyi.

Nawageukia wenye hoteli. Jambo la pili ni simu.

Nikipiga simu kuulizia chumba, naambiwa nini? Semeni ninyi. Naambiwa, "Karibu mama, hakuna shida, vyumba vya chini vipo." Hakuna shida! Neno hilo limenilaza vibaya kuliko godoro lolote. Anayelisema hana nia mbaya, ana moyo wa ukarimu, anataka nije. Ila ukarimu wake hauna kipimo.

Nilikwenda hoteli moja kwa neno hilo hilo. Kweli chumba kilikuwa chini. Kweli mlango wa chumba nilipita. Nikaweka mizigo, nikashukuru Mungu, nikaelekea bafuni. Mlango wa bafu, jamani! Mafundi mliomo humu nisaidieni: kwa nini mlango wa chumba mnauwekea upana wa sentimita 90 halafu wa bafu mnauwekea 60? Nani aliwafundisha kwamba mtu akitaka kuoga anapungua mwili? Kiti changu kina sentimita 64, na kila upande nahitaji nafasi ya vidole vyangu visisagwe na fremu. Usiku ule nilioga kwa beseni katikati ya chumba, nimetandika taulo sakafuni, maji yanakimbilia chini ya kitanda. Na haja nyingine sitaisimulia mbele ya wazee. Asubuhi nikalipa bei kamili ya chumba chenye choo na bafu ndani.

Kwa hiyo nawaomba kitu kimoja cha bei ndogo kuliko vyote nitakavyovitaja. Nunueni futi kamba. Pimeni. Andikeni kwenye daftari la mapokezi, ili hata mfanyakazi aliyeanza jana akipokea simu yangu ajue la kusema. Mlango pimeni ukiwa umefunguliwa, kutoka ubao wa mlango mpaka fremu ya upande wa pili, kwa sababu ubao wenyewe unakula nafasi. Sentimita 80 zikiwa wazi, wengi wetu tunapita. Ndani ya bafu, kiti kinataka duara la sentimita 150 ili kigeuke. Choo cha kukaa, pimeni kutoka sakafuni hadi kikalio. Kati ya sentimita 43 na 48 ndipo mtu anahama kutoka kwenye kiti chake bila kupanda wala kudondoka. Kitanda hivyo hivyo. Siku hizi mmeingiwa na mapenzi ya vitanda virefu, godoro juu ya godoro, mtu wa kiti mwendo akikitazama ni kama anatazama mnazi. Swichi ya taa na ya feni zisizidi sentimita 120 kutoka chini.

Na kama huna? Sema huna. Kuna bi mkubwa mmoja mwenye gesti ndogo, nilimpigia nikamuuliza upana wa mlango wa bafu. Akasema, "Mwanangu, sijui, nisubiri." Akachukua tepu ya cherehani, akaenda, akanipigia yeye kwa salio lake. "Mlango una sentimita 72. Chini kuna kizingiti cha vidole vinne. Choo ni cha kuchuchumaa, mwanangu, sitaki nikudanganye." Nikamwambia choo hicho siwezi. Akasema, "Basi jirani yangu ana cha kukaa, ngoja nikampimie." Akaenda kumpimia jirani yake! Nililala kwa jirani. Lakini wageni wangu wote, wenye miguu na wasio na miguu, nawapeleka kwa bi mkubwa yule, kwa sababu ulimi wake una kipimo.

Marekani hili ni kanuni. Sheria yao kuu ya watu wenye ulemavu ni ya mwaka 1990, na tangu Machi 2012 hoteli inatakiwa imweleze mteja anayeweka nafasi chumba kikoje kwa undani wa kutosha ili aamue mwenyewe kama kinamfaa, na akishakiweka chumba kile kishikwe kwa jina lake, kisipewe mtu mwingine. Sisi nasi hatuko gizani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 30 ya mkataba ule inagusa mji huu moja kwa moja: inataja huduma za utalii, inataja na maeneo yenye umuhimu wa utamaduni wa taifa. Magofu ya Kaole ni nini kama si hayo? Boma la Wajerumani ni nini?

Nimesema sana kuhusu magurudumu kwa sababu nayakalia. Lakini hatuko peke yetu. Shirika la Afya Duniani linasema watu bilioni 1.3 wana ulemavu mkubwa, mtu 1 kati ya kila 6. Sensa yetu ya mwaka 2022 ilikuta asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana aina fulani ya ulemavu. Hao wanaoana, wanazikana, wanafanya biashara, wanakwenda semina. Wote hao wanalala mahali.

Nina rafiki mwalimu wa historia, haoni. Alileta wanafunzi wake hapa Bagamoyo. Walipofika mapokezi, mhudumu akamuuliza mwanafunzi, mtoto wa kidato cha pili: "Mwalimu wenu anakunywa chai ya maziwa au ya rangi?" Mwalimu mwenyewe amesimama pale pale, suti yake, fimbo yake nyeupe mkononi. Akajibu kwa utulivu: "Mwalimu yupo, na anasikia." Ndugu zangu, Erik Weihenmayer, Mmarekani asiyeona, alifika kilele cha Kilimanjaro, na mwaka 2001 akafika kilele cha Everest. Na sisi tunashindwa kumuuliza mtu mzima anakunywa chai gani?

Ila hoteli ile ile alikuwepo mhudumu mwingine, dada wa usafi, hajasomea hoteli popote. Huyo hakumkamata mwalimu mkono akamvuta. Alimpa kiwiko, mwalimu akakishika mwenyewe. Walipoingia chumbani akaanzia mlangoni: kitanda kiko kushoto, hatua nne, dirisha liko mbele, meza iko chini ya dirisha, pa kuchomeka chaji ni nyuma ya meza. Akampeleka bafuni. Ndoo zilikuwa mbili, zinafanana, moja ya maji ya kuoga na nyingine ya maji yaliyochemshwa. Dada yule akachomoa uzi kwenye ukingo wa khanga yake, akaufunga kwenye mpini wa ndoo ya maji yaliyochemshwa, akamwekea mwalimu vidole pale. "Yenye uzi ni ya kunywa." Mwalimu alikaa pale siku zote za safari bila kumuita mtu usiku.

Kesho yake mfanyakazi mwingine akafagia, akakihamisha kiti akakiacha katikati ya chumba. Mwalimu akaumia goti. Kwa hiyo wenye hoteli, waambieni wote: chumba cha asiyeona, kila kitu kirudi pale kilipokuwa. Ndoo ya kupigia deki isiachwe kwenye korido. Hilo nalo linataka bajeti?

Na waongoza watalii, nawapa hongera yenu. Mwongozaji aliyempokea mwalimu Kaole hakumwambia "hapa hakuna cha kukuonyesha." Alimwekea kiganja kwenye ukuta wa ule msikiti wa karne ya 13, mwalimu akapapasa mawe ya matumbawe, akapapasa mashimo kwenye kaburi la mnara pale palipokuwa pamepachikwa vibakuli vya kauri kutoka Uchina. Wanafunzi wake wananiambia siku ile mwalimu ndiye aliyewaonyesha wao, kwa sababu macho yao yaliyapita mashimo yale na vidole vyake havikuyapita.

Sasa viziwi. Rafiki yangu ni kiziwi, msusi hodari sana, anaitwa kila mji kukiwa na harusi. Kwenye gesti moja aliandika kwenye karatasi: niamsheni saa kumi na moja. Mhudumu akaja akagonga. Akagonga tena. Akapiga mlango kwa ngumi, gesti nzima ikaamka isipokuwa yeye. Wakasema huyu amekufa. Wakavunja kitasa. Dada wa watu anafungua macho, anaona wanaume watatu wamesimama kando ya kitanda chake gizani. Fikirini ni binti yako. Na juu ya hayo akadaiwa kitasa!

Kulikuwa na haja gani? Mngemuuliza tu: tukuamsheje? Angewaandikia: nitumieni meseji, simu iko chini ya mto, ikitetemeka naamka. Na swali la pili, hili ni la uhai: moto ukitokea usiku, nani anajua kwamba chumba namba fulani kuna mtu asiyesikia kelele zenu? Mlinzi anajua? Mwandikeni kwenye daftari, mwambieni mlinzi wa zamu, kwa ruhusa ya mgeni mwenyewe. Na kujifunza ishara za salamu, za chakula, za hela, ni kazi ya mchana mmoja. Viziwi wa hapa hapa Bagamoyo watawafundisha Lugha ya Alama ya Tanzania wakifurahi.

Nasikia mtu kule nyuma anasema gharama. Nilikuwa nakusubiri, kaka yangu. Na mwingine atasema: nyumba yangu iko Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo, ni urithi, siwezi kuvunja.

Nani kasema uvunje? Tuitazame milango yetu ya nakshi, mimi naipenda kuliko mtu yeyote. Ina mbao mbili, na mfaa, ule mti wa nakshi, katikati. Wengi mnafungua ubao mmoja tu, mgeni anapita ubavu ubavu. Fungueni zote mbili! Babu zenu waliweka mbili kwa sababu. Chini kuna kizingiti cha mti, kirefu. Usikikate, ni dhambi kukikata. Mwite seremala akutengenezee mteremko wa mbao, vipande viwili, kimoja cha nje kimoja cha ndani, unaviweka mgeni akija, unaviondoa ukitaka. Hesabu yake shikeni hivi: kila sentimita 1 ya kwenda juu inataka sentimita 12 za urefu. Kizingiti cha sentimita 15 kinataka mteremko wa sentimita 180. Seremala wa kitanda anaweza kuufanya.

Mimi nimeona rampu nyingi mjini zilizojengwa bila hesabu hiyo. Saruji imemwagwa juu ya ngazi, mwinuko kama wa kupandishia pikipiki, na kweli kinachopanda pale ni pikipiki. Mtu wa kiti mwendo akijaribu peke yake anarudi kinyumenyume. Rampu ya namna hiyo inatuumiza kuliko ngazi, kwa sababu ngazi zinasema kweli. Kama kiwanja chako hakina urefu wa kutosha, zungusha, weka kona na mahali pa kupumzikia, au tengeneza mlango wa pembeni. Wa pembeni sawa. Kupitishwa jikoni kwenye masufuria na mapipa ya taka, hapana.

Bafuni, marumaru zinazong'aa ziacheni kwa sebule. Za bafu ziwe na mikwaruzo, zisiteleze. Ukutani karibu na choo wekeni bomba la chuma lililofungwa kwa nati ndani ya tofali, urefu wa sentimita 84 hadi 91 kutoka chini. Kile cha kutundikia taulo si cha kushikilia, kinang'oka na mtu wake. Ongezeni kiti cha plastiki kigumu cha kuogea. Bibi wa miaka 80 atakitumia, mjamzito atakitumia, mtu aliyevunjika mguu kwenye bodaboda atakitumia.

Na faida mnaijua ninyi kuliko mimi. Harusi ikitoka Dar kuja hapa, basi zima, nani anachagua pa kulala? Bi arusi? Wanaulizana: bibi atapanda ngazi? Bibi akishindwa, basi zima linageuza. Humkosi mtu mmoja. Unakosa vyumba vyote na pilau juu yake.

Jambo moja bado linanikera, nalisema kwa kuwa nawapenda. Zipo hoteli mpya zimejenga chumba cha watu wenye ulemavu, kizuri, mlango mpana, vishikio vipo. Unafika unaambiwa ngoja kidogo, kinasafishwa. Kinasafishwaje? Wanatoa magodoro ya zamani, mafagio, makasha ya soda, mti wa Krismasi. Kimekuwa stoo. Meneja anasema hawaji. Hawaji kwa sababu hawajui kipo! Kitangazeni, kipigeni picha, futi kamba ionekane kwenye picha, kibandikeni popote mnapojitangaza. Kikiwa wazi mpangisheni yeyote, lakini kisigeuke stoo. Na msikitoze zaidi ya vingine vya daraja lake. Mlango mpana si anasa ninayoinunua.

Nimeambiwa muda wangu umekwisha, na maswali yapo, nitayajibu. Ila kabla ya maswali tufanye kazi. Nimekuja na futi kamba, ziko kwenye mkoba huu, kila mwenye gesti achukue moja. Tangu asubuhi nimekuwa humu ukumbini na sijanywa hata tone la maji, kwa sababu choo cha hapa nilikiona nilipofika: ngazi mbili, mlango mwembamba. Mwenye ukumbi tumeongea, amekubali tuanze na cha kwake. Fundi seremala yuko pale, mwenye shati la kijani. Haya, tutoke wote. Kijana wangu, shika ncha ile ya futi kamba uipeleke mpaka kwenye fremu, halafu usome kwa sauti kubwa wote tusikie.